Miaka 48 ya Patrick Leahy, kwa macho ya mkalimani wa Winooski

Nilipofika Vermont, jimbo dogo la Marekani, mwaka 2011 nikitokea kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, jina la Leahy nililisikia miezi mingi kabla ya kujua kwamba lina mwenyewe. Wenzetu waliotutangulia katika mji mdogo wa Winooski, Wakongo, Warundi na Wasomali Wabantu, walilitamka "Lehi" kama wenyeji wanavyolitamka, na walilitumia kama watu wa Kasulu wanavyotumia neno bomani. Mtu ambaye faili la mkewe lilikuwa limekwama mwaka mzima aliambiwa aende Lehi. Mama ambaye mtoto wake mmoja alibaki kambini huku wengine wakisafirishwa aliambiwa apige simu Lehi. Niliamini kabisa kwamba hiyo ni idara ya serikali, pengine kifupisho cha maneno marefu ya Kiingereza, hadi siku nilipoitwa kumkalimania baba mmoja katika ofisi fulani ya Burlington, nikaona ukutani picha ya mzee mrefu mwenye upara na miwani. Yule baba aliitazama kwa muda, akaniinamia na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Ndiye Lehi mwenyewe, huyu?"

Ndiye aliyekuwa. Patrick Leahy aliingia katika Seneti ya Marekani Januari 1975 na kutoka Januari 2023, miaka 48 kamili, na siku alipotoka walikuwa wawili tu katika historia ya nchi hiyo waliowahi kukaa humo muda mrefu kuliko yeye: Robert Byrd wa West Virginia na Daniel Inouye wa Hawaii. Alifanya kazi chini ya marais tisa na kupiga kura zaidi ya mara 17,000. Maisha ya namna hiyo kwa kawaida huandikwa na wanahistoria walioketi Washington, nami sina ujuzi wao. Ninachoweza ni kueleza jinsi kazi hiyo inavyoonekana kwa mtu aliyekaa upande wa pili wa meza, aliyeingia katika jimbo lake na begi moja la plastiki lenye nembo ya shirika la uhamiaji, kisha akaanza kusoma kwa udadisi kuhusu mtu ambaye simu yake ilikuwa ikipigwa sana.

Nianze na ile ofisi. Seneta hana mamlaka ya kumwamuru ofisa wa uhamiaji aamue hivi au vile, na wasaidizi wa Leahy walikuwa wakilirudia jambo hilo kwa kila aliyekaa mbele yao, nami nikalitafsiri mara nyingi hata likawa kama wimbo. Walichoweza kufanya ni kuuliza faili limefika wapi. Lakini swali hilo lilipotoka kwa mtu aliyekaa miaka na miaka katika kamati inayopitisha fedha za idara hizohizo, lilikuwa na uzito ambao swali langu au la yule baba halikuwa nao. Faili lilitoka chini ya rundo. Mke wa yule baba alifika baada ya miezi saba, akashuka kwenye ndege amevaa kandambili katika theluji.

Leahy alizaliwa Machi 31, 1940 huko Montpelier, makao makuu ya jimbo, mji ambao una watu wapatao 8,000 tu. Baba yake alikuwa wa asili ya Ireland na mama yake wa asili ya Italia, na wazazi wake walikuwa na kiwanda kidogo cha uchapaji. Alizaliwa akiwa haoni kwa jicho la kushoto, na huenda hiyo ndiyo sababu ninapenda kukumbuka kwamba burudani yake ya maisha ilikuwa kupiga picha. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Georgetown, akarudi nyumbani, na mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 26, akawa mwendesha mashtaka wa kaunti ya Chittenden, ambamo ndimo ulimo mji wetu wa Winooski.

Mwaka 1974, baada ya kashfa ya Watergate kumwondoa Rais Nixon, aligombea kiti cha Seneti akiwa na miaka 34. Vermont ilikuwa haijawahi kumpeleka Mdemocrat hata mmoja katika Seneti. Ilikuwa ngome ya Warepublican tangu chama hicho kilipoanzishwa katika miaka ya 1850, na alishinda kwa kura chache sana. Katika uchaguzi huohuo kulikuwa na mgombea wa chama kidogo cha mrengo wa kushoto aliyepata takriban asilimia nne ya kura, akaonekana ni mtu wa kupita tu. Jina lake lilikuwa Bernie Sanders, na kuanzia mwaka 2007 hao wawili ndio waliokuwa maseneta wawili wa Vermont.

Uchaguzi wake nisiokubali kuupita bila kuusimulia ni ule wa 1998. Katika mchujo wa Warepublican alijitokeza tajiri mmoja aliyehamia kutoka Massachusetts, na mpinzani wake akawa Fred Tuttle, mfugaji mstaafu wa ng'ombe wa maziwa mwenye umri wa miaka 79. Katika mdahalo Tuttle alimuuliza yule mgeni ng'ombe ana chuchu ngapi. Akajibu sita. Mzee yeyote wa kwetu Uvira, mashariki mwa Kongo, angeweza kumwambia kwamba hapo hapo kampeni imekwisha, na ilikwisha kweli. Tuttle alishinda mchujo, kisha akatangaza waziwazi kwamba yeye mwenyewe atampigia kura Leahy. Leahy alipata asilimia 72.

Ushindi katika uchaguzi, alioupata mara nane, ndio chimbuko la kila kitu kingine. Katika Seneti ya Marekani kila jimbo lina maseneta wawili, liwe California yenye watu karibu milioni 39 au Vermont isiyofikisha hata watu 700,000, na humo ukongwe ndio unaogawa viti. Anayekaa muda mrefu ndiye anayepewa uenyekiti wa kamati. Leahy aliongoza Kamati ya Kilimo kuanzia 1987, ambako alitunga sheria ya mwaka 1990 iliyoweka kiwango kimoja cha kitaifa cha kilimo hai, kisha Kamati ya Sheria kwa vipindi viwili, na mwishoni Kamati ya Matumizi ya Fedha za Serikali, ile inayoshika ufunguo wa sanduku. Wageni tunaofuatilia siasa za Marekani kwenye televisheni huona hotuba na kelele, na ni rahisi kudhani kwamba hapo ndipo kazi inapofanyika. Kadiri nilivyosoma kuhusu mtu huyu ndivyo nilivyozidi kuona kwamba mambo yake makubwa yaliandikwa kwa mistari michache iliyoingizwa ndani ya miswada mirefu ya bajeti ambayo hakuna mtu anayeisoma yote.

Wakati mwingine mistari hiyo ilikuwa kichekesho. Mapema mwaka 1998 aliingiza sentensi iliyotangaza kwamba Ziwa Champlain, ziwa letu hapa, ni mojawapo ya Maziwa Makuu ya Marekani, ili vyuo vya Vermont viweze kuomba fedha za utafiti zilizotengwa kwa ajili ya maziwa hayo. Rais Clinton akasaini. Majimbo yanayopakana na maziwa makuu halisi yakaja juu, na baada ya siku 18 tu cheo kikafutwa, ingawa haki ya kuomba fedha ilibaki. Sisi tuliokulia kando ya Tanganyika, ambamo mtu anaweza kusafiri usiku kucha bila kuona ng'ambo, tulicheka tuliposimuliwa. Lakini fedha zilikuja.

Wakati mwingine mistari ilikuwa jambo zito. Katika miaka ya 1980, wakati wa vita vya Nicaragua, Leahy alitembelea hospitali karibu na mpaka wa Honduras na kukutana na mtoto wa kiume aliyekatwa mguu na bomu la kutegwa ardhini, aliyekuwa akiishi humohumo hospitalini kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Alikisimulia kisa hicho kwa miaka mingi. Kutokana nacho ulizaliwa mwaka 1989 mfuko wa kuwahudumia waathirika wa vita, ambao baadaye ulipewa jina lake, uliogharamia miguu ya bandia, viti vya magurudumu na mafunzo ya mafundi katika nchi kama Vietnam na Msumbiji. Mwaka 1992 alifanikisha sheria iliyozuia Marekani kuuza nje mabomu ya kutegwa ardhini yanayolenga watu, na nchi nyingine zikafuata. Mwaka 1997, mkataba wa kimataifa wa kuyapiga marufuku ulipotiwa saini Ottawa, Tuzo ya Nobel ya Amani ilikwenda kwa kampeni iliyoupigania na kwa mratibu wake Jody Williams, ambaye naye ni mzaliwa wa Vermont. Marekani yenyewe ilikataa kusaini, ikitaja ulinzi wa Korea Kusini, na haijasaini hadi leo. Leahy aliwakumbusha marais wa vyama vyote viwili jambo hilo mpaka anaondoka, bila mafanikio.

Kilicholifanya jina lake lijulikane hata katika kambi za jeshi za nchi zetu ni ile inayoitwa Sheria ya Leahy. Ilianza mwaka 1997 kama kifungu kidogo katika bajeti ya misaada ya nje kilichohusu vita dhidi ya dawa za kulevya, kikipanuliwa miaka iliyofuata hadi kugusa misaada yote ya kijeshi na ya polisi. Maudhui yake ni mafupi. Fedha za Marekani zisitolewe kwa kikosi chochote cha usalama cha nchi ya kigeni iwapo kuna taarifa za kuaminika kwamba kikosi hicho kimefanya ukiukwaji mkubwa wa haki za binadamu, kama mauaji ya kiholela, utesaji, ubakaji au kuwapoteza watu. Haizungumzii nchi nzima, bali kikosi, na mlango wa kurudi unafunguliwa serikali husika ikichukua hatua za kweli kuwafikisha wahusika mbele ya sheria. Kwa hiyo ofisa wa jeshi au wa polisi kutoka Kampala, Nairobi au Bujumbura anayeteuliwa kwenda kozi inayolipiwa na Wamarekani, jina lake na la kikosi chake hupitishwa kwanza katika uchunguzi.

Hapa siwezi kuandika kama mtu baki. Familia yetu ilivuka ziwa kutoka Uvira mwaka 1996 nikiwa na miaka tisa, na katika kila simulizi la nyumbani kuna watu wenye sare. Nilipoisoma sheria hii kwa mara ya kwanza niliiona kama barua iliyochelewa kufika. Kisha nikasoma kuhusu Kikosi cha 391 cha jeshi la Kongo. Mwaka 2010 Wamarekani waliwafunza huko Kisangani wanajeshi wapatao 750 wa kikosi hicho, kiwe mfano wa jeshi jipya lenye nidhamu. Novemba 2012, baada ya mji wa Goma kuangukia mikononi mwa waasi wa M23, wanajeshi waliokuwa wakirudi nyuma walikusanyika Minova, kando ya Ziwa Kivu, na uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulithibitisha kwamba wanawake na wasichana zaidi ya 100 walibakwa na wanajeshi katika siku zile. Kikosi cha 391 kilikuwa miongoni mwa vilivyotajwa. Kesi iliendeshwa Goma, na hukumu ya mwaka 2014 iliwatia hatiani kwa ubakaji wanajeshi wawili tu.

Sheria ya Leahy huchunguza yaliyokwishatendwa. Haina macho ya kuona yatakayotendwa na watu waliokwishapita mlangoni wakiwa safi. Sisemi hivyo kumdharau aliyeiandika, kwa sababu kabla yake hata hayo yaliyopita hayakuwa yakiulizwa, na vikosi vilivyotajwa vilijikuta vinadaiwa majibu. Lakini nimewahi kumkalimania mwanamke aliyetoka maeneo hayo, na mbele yake nisingeweza kuisifu sheria yoyote kwa sauti kubwa. Leahy mwenyewe hakuwa mtu wa kuifunika kasoro yake nyingine, kwamba haitumiki kwa usawa. Aliwahi kuzuia fedha za kijeshi za Misri, na mwaka 2024, akiwa amekwishastaafu, aliandika gazetini kwamba sheria hiyo haijawahi kutumika ipasavyo kwa Israeli na kwamba ilipasa itumike. Nilijiuliza kwa nini hakulisema kwa ukali uleule alipokuwa bado ameshika kalamu ya bajeti, ingawa kwa haki yake ni lazima niseme kwamba barua na maswali aliyaandika kwa miaka mingi.

Nyuma ya kazi hii yote alikuwapo msaidizi wake Tim Rieser, aliyefanya naye kazi kwa zaidi ya miaka 30 na ambaye raia wa kawaida hamjui. Hawa wawili ndio waliosuka mojawapo ya visa vya ajabu vya diplomasia. Mwaka 2013 Leahy na mkewe Marcelle, ambaye alikuwa muuguzi, walikutana huko Havana na mke wa Gerardo Hernández, jasusi wa Cuba aliyekuwa akitumikia kifungo cha maisha Marekani. Mwanamke huyo alikuwa na ombi moja tu: umri unakwenda, naye anataka kuzaa na mumewe. Ofisi ya Leahy ilishughulikia hadi mbegu za mume zikatolewa gerezani na kupandikizwa kwa njia ya kitabibu, na Wacuba nao wakalegeza masharti ya kifungo cha Mmarekani Alan Gross. Desemba 2014 wafungwa waliachiwa, Leahy akawa ndani ya ndege iliyokwenda kumchukua Gross, na nchi hizo mbili zikatangaza kurudisha uhusiano. Hernández alifika nyumbani na kumkuta mkewe mjamzito.

Mambo aliyoyapitia yeye binafsi nitayagusa tu. Mwaka 2001 barua yenye vijidudu vya kimeta iliyoandikwa jina lake iligunduliwa katika marobota ya barua zilizozuiliwa, katika mashambulizi yaliyoua watu watano. Mwaka 2002 alikuwa mmoja wa maseneta 23 waliokataa kuidhinisha vita vya Iraq. Februari 2021 ndiye aliyekalia kiti cha kuongoza kesi ya pili ya Rais Trump mbele ya Seneti, kwa kuwa alikuwa rais wa muda wa Seneti, cheo cha heshima anachopewa mkongwe wa chama chenye wingi. Kura 57 dhidi ya 43 hazikufika theluthi mbili zinazotakiwa, kwa hiyo hazikutosha kumtia hatiani.

Ukongwe una upande wake mwingine, na wapenzi wa Leahy hapa Vermont hawapendi tuutaje. Alipoongoza Kamati ya Sheria wakati wa Obama alishikilia desturi ya karatasi ya buluu, inayompa seneta wa jimbo uwezo wa kuzuia jaji aliyependekezwa kwa ajili ya jimbo lake, hata pale Warepublican walipoitumia kuacha viti vya majaji vikiwa vitupu. Wenzake wa chama walimsihi aiache. Alikataa, akisema kwamba desturi ikivunjwa leo na huyu, kesho itavunjwa na yule. Zamu ilipobadilika, waliomfuata waliiacha kwa majaji wa mahakama za rufaa bila kusita, na majaji wa Trump wakajaa. Aliiamini Seneti ya mwaka 1975 katika Seneti ambayo haikuwa tena ile. Mtu aliyeingia jana pengine angeliona hilo mapema zaidi.

Novemba 2021, katika jengo la serikali ya jimbo mjini Montpelier, alitangaza kwamba hatagombea tena. Kazi yake ya mwisho kubwa ilikuwa bajeti ya takriban dola trilioni 1.7 iliyotiwa saini Desemba 29, 2022, aliyoijadili na Richard Shelby wa Alabama, Mrepublican ambaye naye alikuwa anastaafu wiki hiyohiyo. Wazee wawili wa vyama vinavyochukiana walimaliza hesabu, wakafunga makabrasha na kwenda zao. Kiti chake kilichukuliwa na Peter Welch.

Hata hivyo alichotuachia sisi wa Winooski hakimo katika vitabu vya sheria, na tunakisikia. Kwa miaka mingi Leahy alipigania ndege za kivita za F-35 ziwekwe katika kituo cha jeshi kilichopo uwanja wa ndege wa Burlington, kwa hoja kwamba bila hizo kituo kingefungwa na ajira zingepotea. Utafiti wa jeshi lenyewe ulionyesha kwamba zina kelele kuliko zile za F-16 zilizokuwepo. Machi 2018 wapiga kura wa Burlington walipitisha azimio la kuomba zisiletwe, nalo lilikuwa ombi tu. Septemba 2019 zikaanza kuwasili, hatimaye zikawa 20, na njia yake inapita juu ya Winooski, mji ambao nusu ya wazazi katika mikutano ya shule wananihitaji mimi au mwenzangu wa Kinepali. Wiki ile ya kwanza nilikuwa nyumbani kwa mama mmoja wa Fizi, kulekule Kongo, nikimsomea barua ya hospitali, zikapita mbili. Alikuwa amekwisha kuwa chini ya meza kabla sijajua kinachoendelea, akaniuliza akiwa hukohuko, "Mwanangu, ile vita imetufuata mpaka huku?"

Mwaka 2023 uwanja huo ulibadilishwa jina na kuitwa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Patrick Leahy wa Burlington. Baadaye nilikwenda kupokea familia iliyotoka Nyarugusu, baba, mama na watoto wanne. Tulipotoka nje, yule mama alisimama kwenye kibao akalisoma jina taratibu, silabi baada ya silabi, kama linavyoandikwa. Nikamwambia hutamkwa Lehi. Akataka kujua kama huo ndio mji tunaokwenda kukaa. Nilifungua kinywa, ikanibidi ningoje ndege mbili zimalize kupaa ndipo nimjibu.